Mwanzo wa mwezi kwenye yadi ya malori Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kondele imeshachangamka, nami nimebanwa kiti cha nyuma cha Probox pamoja na abiria wengine watatu na gunia la omena. Kazi yangu ni kuuza magari mapya, malori na mabasi hasa, lakini kazini napelekwa na gari lililoteremshwa Mombasa likiwa limekwisha kutumika Japani. Wenzangu hunicheka. Wacheke tu. Zaidi ya asilimia 80 ya magari yanayosajiliwa Kenya kila mwaka ni mitumba, na muuzaji asiyeyajua hayo hajui soko lake.

Saa mbili kamili niko mezani. Mwezi umeanza, kwa hiyo hesabu kwanza, chai baadaye. Kila tawi hutuma Nairobi orodha ya magari liliyouza mwezi uliopita. Makao makuu hujumlisha, kisha hupeleka hesabu kwa Kenya Motor Industry Association, chama cha kitaifa cha kampuni zinazouza magari mapya kwa idhini ya watengenezaji pamoja na zile zinazoyaunganisha hapa nchini. Mteja wangu wa kawaida hajawahi kusikia jina la chama hicho, na akilisikia hudhani ni klabu ya wakubwa ya kunywea kahawa Nairobi.

Kijana wetu wa mauzo ananijia na karatasi. Anataka lori la mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Kitale liingie kwenye hesabu.

"Madamu, mzee ameshakubali. Benki tu ndiyo inachelewa."

"Funguo anazo nani?"

"Ziko hapa."

"Basi ni lori letu bado."

Ananuna, maana bado gari moja afikishe lengo lake. Lakini gari huhesabiwa likishalipiwa na kukabidhiwa. Soko la magari mapya nchini lilikuwa takriban magari 11,000 mwaka 2024. Ni soko dogo mno. Kampuni moja ikijipamba kwa malori hamsini ambayo bado yamelala yadini, picha ya nchi nzima inapinda, na picha hiyo ina watu wanaoitegemea. Viwanda vya kuunganisha magari, kile cha AVA Mombasa, cha KVM Thika na cha Isuzu Nairobi, lazima viagize vipuri vya magari ambayo hayajaunganishwa muda mrefu kabla mteja hajaingia mlangoni. Benki nazo hutazama takwimu hizo zinapoamua kukopesha wenye malori, na chama chenyewe kikienda Hazina ya Taifa kudai kodi fulani iguswe au iachwe, silaha yake kubwa ni hiyo hiyo orodha. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote za chama, ingawa haina mbwembwe na hakuna anayepigwa picha akiifanya.

Saa nne kasorobo simu inalia. Ni mwenzangu wa kampuni pinzani, ofisi yake haiko mbali na yetu. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, halafu: "Kwa lori la tani nane mnampunguzia mteja mpaka ngapi? Tusiuane bure." Namwambia hilo hatutaliongea. Kampuni zetu huketi meza moja chamani, kweli, na kujuana ni nani ameuza magari mangapi. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina kifungu kinachovihusu vyama vya kibiashara moja kwa moja: washindani hawaruhusiwi kupangiana bei kwa mgongo wa chama, wala chama hakiruhusiwi kuwapendekezea wanachama bei. Anacheka, anasema mimi nimekuwa wakili. Tunaagana vizuri.

Saa tano anafika Mwalimu Mkuu wa shule moja ya Vihiga na wajumbe watatu wa bodi ya shule. Wanataka basi. Wazazi wamechanga muda mrefu, na mmoja wa wajumbe amekuja na wazo lake: wanunue chesisi kwetu, yaani fremu yenye injini na magurudumu, halafu bodi ya basi waitengenezewe na fundi anayemfahamu kwa bei nafuu.

"Mwalimu," namwambia, "fundi huyo muulize kama anafuata KS 372."

KS 372 ndicho kiwango cha Kenya cha bodi za magari ya abiria. Kinagusa fremu, viti vinavyofungwa imara, milango ya dharura, na nguvu ya paa basi likipinduka. Bodi isiyotimiza hayo itawasumbua kwenye ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na ukaguzi ndio mdogo wa matatizo. Nawakumbusha pia rangi: tangu sheria ya mwaka 2017, basi la shule ni la njano. Mjumbe yule ananung'unika kwamba viwango vimewekwa ili kampuni kubwa zijilie peke yake. Simpuuzi. Kiwango kikiandikwa, mwenye karakana ndogo mara nyingi hayumo chumbani, na aliyemo huandika kile anachokiweza yeye. Hata hivyo, paa la basi lililobeba watoto ni paa la basi. Wanaondoka na makadirio, bila kulipa.

Saa saba na nusu, kibandani, ngege wa kuchemsha, ugali na managu. Jirani yangu wa benchi huuza magari ya mtumba na ni mfuasi mkali wa Kenya Auto Bazaar Association, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika.

"Nyinyi ndio mlituletea asilimia 35," ananianza.

Anamaanisha ushuru wa forodha, uliopanda kutoka asilimia 25 mwaka 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16, kila kodi ikipandia mgongo wa mwenzake. Vipuri vinavyokuja kuunganishwa hapa havitozwi ushuru huo wa forodha, na hapo ndipo kisu kinapogusa mfupa. Linalomuudhi zaidi ni umri. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo mwaka 2025 yaliingia yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Wauzaji wa magari mapya wamekuwa wakitaka umri huo ushushwe.

Hapa siungi mkono upande wangu. Muuguzi wa Siaya akinyimwa gari la miaka saba hatakuja kwangu kununua jipya. Atanunua la miaka kumi na tano lililokwisha kuzunguka Kenya nzima, na hewa tunayosema tunailinda itazidi kuwa chafu. Viwanda havijai kwa kumfungia mtu mlango. Vinajaa mkopo wa gari jipya ukishuka. Mara ya mwisho mimi na huyu bwana kukubaliana ilikuwa Juni 2024, ile kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari ilipoondolewa kwenye Mswada wa Fedha, kabla mswada wenyewe haujatupwa wote. Siku hiyo alinilipia chakula. Leo kila mtu anajilipia.

Saa tisa nashuka Kibuye kumwona fundi mmoja mzee ambaye wateja wetu humwendea dhamana ikiisha. Ameshika injekta, kile kifaa cha kupulizia mafuta ndani ya injini, ya injini ya kisasa, imekufa.

"Jaduong', dizeli au kifaa bandia?"

"Vyote," anajibu. Dizeli ya Afrika Mashariki ilisafishwa mwaka 2015 hadi salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na injini za sasa zinategemea usafi huo, lakini usafi wa bandarini unaweza kuharibiwa na tapeli mmoja njiani. Mashine ya kupimia injekta hana. Kozi ya kampuni hajawahi kualikwa, maana si mwanachama wa chochote.

Saa kumi na moja jioni nafungua barua pepe. Makao makuu yanakusanya maoni ya matawi ambayo chama kitayabeba kwenye mapendekezo ya bajeti. Naandika mawili: riba ya mikopo ya malori kwa vyama vya ushirika vya wakulima, na nafasi za mafunzo kwa mafundi wa nje, tukianza na injekta na breki za upepo. Jibu linakuja kabla sijafunga kompyuta: la kwanza limepokelewa, la pili lahitaji makadirio ya karakana zilizopo kati ya Ahero na Busia. Namwandikia yule kijana aliyenuna asubuhi kwamba kesho tunazunguka wote, aje na viatu vya kutembelea.