Bia ya pipa gereji: kwanza baridi, halafu gesi

Povu limepungua, na dawa yake imekuwa baridi, sikugusa gesi (kaboni dioksidi inayoisukuma bia). Tangu niweke pipa la lita 19 kwenye friji ya gereji hapa Denver, glasi ya kwanza ilikuwa inatoka nusu povu, ya pili safi kabisa. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kupunguza presha. Basi gesi huanza kujitenga na bia ndani ya mpira unaoipeleka kwenye koki, povu linazidi, na siku chache baadaye bia yenyewe ni chapwa.

Nilichovya kipimajoto: glasi ya kwanza nyuzi 9, ya pili nyuzi 4. Shida ilikuwa mnara wa koki. Umesimama juu ya friji, kwa hiyo bia inayolala humo hupata joto la gereji, na bia ikipata joto gesi haikai. Nimefunga feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, inayosukuma hewa baridi kupitia bomba la plastiki mpaka nyuma ya koki, na mnara nimeuzungushia sponji. Leo glasi ya kwanza imetoka nyuzi 4 na ushee, povu vidole viwili. Nimefurahi mno.

Sensa ya themostati nayo nimeihamisha. Ilikuwa inaning'inia hewani, kila mlango ukifunguliwa kompresa inawaka. Sasa nimeibandika ubavuni mwa pipa, chini ya kipande cha sponji, inasoma joto la bia yenyewe.

Presha ndiyo inayohitaji kufikiriwa. Kwa bia ya nyuzi 3, ukitaka kila lita ishike kama lita 2.5 za gesi, majedwali yanasema psi 11 au 12. Lakini yamepigiwa hesabu ya usawa wa bahari, na geji husoma tu tofauti kati ya ndani ya pipa na hewa ya nje. Denver iko mita 1,600 juu, hewa yake ni nyepesi, hivyo unaongeza karibu psi 1 kwa kila mita 600. Nimeweka 14 na kuiacha hapo. Aliye Nairobi, ambako ni juu kidogo kuliko huku, aongeze karibu 3. Wa Mombasa afuate jedwali lilivyo.

Mpira ni mita 3, upana wa ndani milimita 5. Usiukate hata kama unajikunja ovyo humo ndani: urefu huo ndio unaopunguza kasi ya bia kabla haijafika kwenye koki.

Umebaki mtungi wa gesi. Tangu uingie kwenye friji, geji yake imeshuka hadi karibu psi 550, na hakuna kilichovuja. Nimepaka maji ya sabuni kila kiungo. Gesi iliyo kimiminika ikipoa, presha yake hushuka. Geji hiyo haiwezi kukuambia kilichobaki mpaka kimiminika kiishe, kwa hiyo wikendi nitaupandisha kwenye mizani, nitoe uzito wa mtungi mtupu, ile namba iliyogongwa shingoni mwake.