Nilikuwa hewani, nikanyamaza

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, siku ya usafi, tunakutana ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Igogo hapa Mwanza, saa 12:30 asubuhi. Tunaokota chupa za plastiki na nyavu zilizochanika, na upepo ukiyaleta magugumaji tunayavuta kwa reki. Tulianza watu 9. Tulipofungua grupu la WhatsApp tukafika 140, na mimi nikapewa ukatibu na uadmini kwa sababu moja tu: simu yangu inakaa na chaji.

Mwezi mmoja alikuja dada mwenye ualbino. Kofia pana, mikono mirefu, glavu zake mwenyewe. Alifanya kazi na sisi hadi jua lilipoanza kuuma, akaenda kukaa chini ya mwembe. Kijana mmoja akampiga picha akiwa ameinama anafunga viatu, akaitupia kwenye grupu na maneno: "Wenzake wanachapa kazi, dili limepumzika."

Kama hukukulia Kanda ya Ziwa, neno hilo linaweza kukupita. Sisi wa huku tunalijua. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo, eti waganga wamesema viungo vyao vinaleta utajiri wa samaki na dhahabu. Watoto walitolewa makwao wakapelekwa shule za bweni kama Mitindo kule Misungwi ili wawe salama. "Dili" lilikuwa jina la bei yao. Huyu dada kakua akiitwa hivyo njiani.

Niliiona ile picha saa sita mchana. Chini yake watu thelathini na kitu walikuwa wameshacheka. Nikajiambia ni utani, utapita, nikaenda kupika. Jioni nikakuta mstari mmoja mdogo wa kijivu: ameondoka.

Usiku nilimpigia mjomba, Mnyamwezi wa Tabora anayeujua utani wa kweli, ule wao na Wazaramo uliotokana na misafara ya pwani. Nilitaka anitetee, nisikie kwamba watu wa siku hizi wanakasirika haraka. Akaniuliza, "Mtani akifiwa, wewe unafanya nini?" Nikasema unakwenda msibani, unawachokoza wafiwa wacheke, unabeba maji, unashika jembe la kaburi. "Haya. Huyo kijana wenu amembebea nani maji?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilikwenda kwao, nikiongozana na mama mmoja mtu mzima wa kundi letu, maana kwenda peke yangu kungeonekana mchezo. Tulibisha hodi, tukamwamkia mama yake shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayejua tulichofuata. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kuhusu yule kijana. Yule dada akanikatiza.

"Sikuondoka kwa sababu yake, dada. Niliondoka kwa sababu watu wale wote walicheka, na wewe nilikuona uko hewani."

Niliomba radhi kwa hilo, si kwa la kijana. Mzee mmoja wa mtaa alitaka tufike polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni kuwa kosa. Dada mwenyewe alikataa, na uamuzi ulikuwa wake. Alichotaka ni picha itoke, na asiitwe mvivu. Ikifika saa tatu, alisema, ngozi yake haiwezi jua, na si suala la kupenda. Macho yake pia hayaoni mbali, na yale matangazo yangu ya picha yenye maandishi ya urembo, ambayo mimi nilikuwa najivunia, hakuwahi kuyasoma hata moja.

Picha niliifuta kama admini, ingawa ilikuwa imeshasambazwa kwingine. Kijana nilimpigia simu badala ya kumwanika mbele ya watu 140. Akaanza, "Dada, ilikuwa utani tu." Nikamuuliza swali la mjomba. Kimya kirefu, mpaka nikadhani salio limekata.

Kwenye grupu niliandika kilichotokea bila kulirudia lile neno wala kutaja majina, nikasema kosa la kwanza lilikuwa langu. Watu 6 waliondoka. Mmoja aliaga kwa kusema siku hizi hata kucheka ni dhambi. Tukakubaliana mambo machache: picha ya mtu haipandi bila ruhusa yake, na malalamiko yanapokelewa na watu wawili, mmoja wao asiwe admini, kwa kuwa safari hii admini ndiye alikuwa tatizo. Matangazo nikaanza kuyarekodi kwa sauti, nikafurahi nafsi yangu, mpaka fundi viatu wetu ambaye ni kiziwi akaniandikia: "Na mimi?" Sasa natuma sauti na maandishi ya kawaida. La lugha bado linatushinda. Wazee wakianza mwangaluka, salamu ya Kisukuma, hawarudi tena kwenye Kiswahili, na Wakerewe na Wahaya wanabaki kusubiri tafsiri isiyokuja.

Kazi tunaanza saa 12 kamili siku hizi, na kuchambua chupa za kuuza kunafanyika kivulini. Kumbe ndiko kwenye hela, maana mnunuzi anapima kwa kilo, na zilizochanganyika anakata bei. Dada alirudi kwenye kazi hiyo. Kwenye grupu hakurudi. Namtumia ujumbe wa kawaida kila mwezi na sijawahi kumuuliza tena.

Yule kijana ndiye hubeba mzani na kuusomea namba kwa sauti. Miezi mitatu ya kwanza hawakuongea zaidi ya kilo. Jumamosi iliyopita alisoma 14, dada akanyanyua kiroba kwa mkono mmoja, akasema, "Kaka, huo mzani wako umeanza kuiba kama wewe." Wakacheka wawili wale. Mimi niliendelea kufunga viroba.