Kuitafuta stesheni ya Ngome Kongwe

Unguja iliwahi kuwa na gari la moshi. Kila nikilisema hili mbele ya rafiki zangu wa bara wananikatalia, na hata mjini Unguja kwenyewe nimekutana na vijana waliozaliwa mtaa wa Malindi ambao hawajapata kulisikia. Mimi nimekulia Tabora, nyumba za reli, mtoto wa mtu aliyeitumikia reli mpaka akastaafu. Kwa hiyo nilipopata likizo safari hii sikutaka pwani wala hoteli. Nilitaka kuifuata njia ile ya zamani, kutoka mjini mpaka Bububu, upande wa kaskazini, nione imebaki nini.

Mwanzo wake ni Ngome Kongwe, pale Forodhani. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, na kuta zake zimeona mengi, lakini kinachosahaulika upesi ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 hapa ndipo kilipokuwa kituo cha mjini cha reli ya Bububu. Nilifika asubuhi, wauza vinyago na picha za tingatinga wakifungua milango. Nikazunguka uani, nikalipita jukwaa la mawe wanapotumbuizia wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, nikatoka nje na kuufuata ukuta taratibu. Reli hakuna. Taruma, zile nguzo za kulalia reli, hakuna. Bango la kusema kwamba abiria walikuwa wakipandia hapa, sikuliona. Stesheni ilipokwisha kazi, uwanja ule ule wa ngome ulikuja kuwa mahali pa kina mama kuchezea tenisi, mwishoni mwa miaka ya 1940, na hilo utalisikia kwa watembeza wageni. Habari ya gari la moshi, mmoja wao aliniambia labda nimechanganya na Mombasa.

Sikuchanganya. Mwaka 1905, enzi za Sultani Ali bin Hamud, kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga njia nyembamba ya maili 7, yaani kilomita kama 11, toka ngomeni hadi Bububu. Kampuni hiyo ndiyo pia iliyouletea mji taa za umeme. Tupime wakati wenyewe: mwaka huo Wajerumani ndio kwanza wanaanza kulaza reli kutoka Dar es Salaam, na hawakufika Morogoro mpaka 1907. Tabora tuliisubiri hadi 1912. Mtu wa Bububu alishapanda treni kwenda mjini zamani, babu zangu bado wanatembea kwa miguu kwenda pwani.

Wala halikuwa la kwanza kisiwani. Sultani Barghash alishalaza reli yake mwaka 1879, kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 na reli ile ikafa. Lakini hiyo ilikuwa ya mfalme. Ya Bububu ilikuwa ya watu, na ndiyo maana naiona ina haki zaidi ya kukumbukwa. Waliojaa ndani yake ni wakazi wa mashamba waliokuwa wakiingia mjini na kurudi. Wageni wa melini waliongezewa behewa la daraja la kwanza, ili waone minazi na mikarafuu kidogo kabla meli haijang'oa nanga.

Nikaondoka ngomeni, nikapita mbele ya Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nikashika njia ya Malindi. Zipo picha za posta za wakati ule zinazoonyesha treni ikikatiza mitaani, na simulizi zinasema abiria aliyenyoosha mkono aliweza kugusa nyumba za pande zote mbili. Ukiwa Malindi unaamini. Nilisimama kwenye uchochoro mmoja nikanyoosha mikono yangu mwenyewe, kiganja kimoja kikagusa chokaa inayobanduka, kingine kikakosa ukuta kwa kitambo kidogo tu. Halafu fikiria kichwa cha mvuke kinapumua moshi hapo, cheche zinaruka, na juu kuna nguo zimeanikwa.

Toka hapo nikapanda daladala, 502. Gulioni na Kinazini hapana kitu cha kusimulia, ni foleni na pikipiki. Marhubi nilishuka kuziangalia nguzo za kasri la Barghash, lililoungua mwaka 1899, nikaendelea kwa miguu hadi Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844. Barabara ya kaskazini kwa sehemu kubwa imelala juu ya njia ya reli. Kwa hiyo muda wote uliokaa ndani ya 502 unapita mulemule lilimopita gari la moshi. Lakini pale barabara ilipoiacha njia ya zamani kidogo, tuta limebaki.

Nilipoliona la kwanza nilisimama. Ni mgongo wa udongo ulionyooka mno kuwa wa asili, majani yameuvaa, na mbuzi wamechonga kinjia juu yake. Unapokatika kwa ajili ya maji kupita, kuna nguzo ya daraja: mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa mkono, chokaa katikati yake bado ngumu, ukiikwaruza kwa ukucha haitoki. Mzizi wa mti umeingia kwenye ufa na kulisukuma jiwe moja nje, mengine yameshika. Nimeona madaraja mengi ya reli maishani mwangu, makubwa kuliko hili mara kumi, na hakuna lililonigusa kama hili.

Mzee mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe pale chini. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza kitu?"

Nikamwambia naitafuta njia ya gari la moshi. Akaweka mundu chini, akacheka kwa furaha.

"Ndo hii uliyosimama. Hapa ndo likipita. Mimi sikuliwahi, lakini bibi yangu akilipanda na makapu yake ya mboga kwenda sokoni. Akisema lilipoondoshwa wakarudi kwenye gari la ng'ombe, na mboga zikifika zishanyauka."

Wanahistoria husimulia kwamba serikali iliinunua reli mwaka 1911, na kwamba abiria walikoma kubebwa mwaka 1922, magari ya barabarani yalipoanza kuzoeleka. Baada ya hapo treni ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, kisha miaka ya mwisho ya 1920 ikasimama kabisa. Mboga za bibi yule hakuna aliyeziandika.

Beit el Ras ndipo nilipokaa zaidi. Seyyid Said alianza kujenga kasri hapo mwaka 1847; akafa mwaka 1856 halijakamilika, na baadaye likaachwa. Reli ilipokuja, mawe ya kasri lile yalichukuliwa kuijengea. Yaliyosalia yakabomolewa mwaka 1947 kupisha shule na chuo cha ualimu, na wanafunzi wanasoma hapo hadi leo. Kwa hiyo huenda mawe niliyoyakwaruza kule nyuma yalichongwa kwa ajili ya ukumbi wa sultani, yakaishia kumbeba bibi na kapu la mchicha. Kwangu hiyo ni kazi bora zaidi.

Bububu mwenyewe nilifika jua limeshakuwa kali. Niliuliza dukani stesheni ilikuwa wapi. Mwenye duka akaita jirani, jirani akamwita mama yake, wakabishana, kila mmoja akanyooshea mkono upande wake.

Kama nawe utakwenda, shuka Marhubi asubuhi na mapema, tembea ukielekea kaskazini huku bahari ikiwa kushoto kwako, na uangalie pembeni mwa barabara, si mbele. Mkute mzee, muulize. Ukiwa na simu, rekodi anachosema, kwa sababu tuta lina miaka mingi bado, lakini waliosimuliwa na bibi zao wamebaki wachache.