"I demand you": deni la 11,000

Jumamosi asubuhi, mbele ya wazazi wawili wa wanafunzi wangu, mama mwenye duka hapa Ntinda, mtaa wa Kampala, Uganda, aliniambia kwa Kiingereza: "Musomesa, I demand you 11,000." Musomesa ndivyo wanavyomwita mwalimu huku.

Aibu ikanishika. Nimekulia Tanga. Kwetu deni hukaa kwenye daftari, na mwenye duka akitaka kukukumbusha hukuvuta pembeni, akaanza na habari za nyumbani. Tena Kiingereza nilichosomeshwa kinasema "demand" ni kutaka kitu kwa amri. Ni neno la barua ya wakili! Kwa mkate, kilo ya sukari na sabuni? Nikaweka noti ya 20,000 kaunta, nikaondoka bila kungoja chenji. Siku tatu nikawa nanunua mkate supamaketi, na bei za supamaketi za Kampala mnazijua.

Siku ya nne mama yule akanisimamisha njiani. "Musomesa, you demand me 9,000."

Mimi? Sijamwomba mtu kitu. Halafu nikaelewa palepale: *unanidai*. Alichokuwa anasema tangu Jumamosi ni kudai. Kwa Kiluganda ni okubanja. Nkubanja ni nakudai, na deni ni ebbanja. Amechukua kitenzi chake na maana yake yote akakivika neno la Kiingereza, na maana yenyewe ni ileile ya kwetu. Nikisema "namdai Juma", nani atadhani nimemfokea Juma? Nimetaja hesabu ilivyo. Waingereza huanza na mwenye deni, "he owes me". Sisi na Waganda tunaanza na mwenye haki yake, na mimi napenda hivyo.

Hata hilo "demand" Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Mfaransa hadi leo akisema "demander" anaomba au anauliza tu. Mwanauchumi naye akilitaja anazungumzia watu kuhitaji bidhaa, hakuna anayegombezwa.

Ndugu zangu mnaoniuliza habari za kuja kufundisha huku, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005: njooni, lakini msipime heshima ya mtu kwa Kiingereza cha kitabuni. Kwenye taksi, yaani daladala yetu, ukiambiwa "extend", sogea mwenzio akae. Wa bodaboda akisema "branch", anataka ukate kona. Sentensi ikikuchoma, igeuze kwanza iwe Kiswahili, uisikilize tena. Laiti ningefanya hivyo Jumamosi ile.

Nilimwomba radhi. Hakuelewa naomba radhi ya nini. Akanipeleka dukani, akafungua daftari ili nihakikishe hesabu: jina langu ameshalifuta upande wa wadaiwa, amelihamishia ukurasa wa nyuma, wa watu wanaomdai yeye.