Siku mzee alipopata bia ya moto London

Baba yangu hanywi bia ya baridi. Hata jua lichome vipi, pale kwenye baa ya njia panda kwetu Marangu mhudumu akimletea chupa inayotoa jasho anaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, "mwanangu, nimesema ya moto." Wahudumu wa zamani wote wanamjua ila kila anayeajiriwa mpya lazima apitie huo mtihani. Sasa mwaka 2018 akaja London kumwona mjukuu, akasema wiki tano zinamtosha maana migomba haijilindi, na wiki mbili za kwanza alikuwa anateseka kimyakimya, kila nikimpeleka pub analetewa lager ya baridi kama barafu, basi anaikumbatia kwa viganja viwili kama kikombe cha chai ya tangawizi na kusubiri. Dakika ishirini hivi. Mume wangu alikuwa anatoka nje kucheka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mwingereza tunayefanya naye kazi wodini. Nilimsimulia habari za baba nikidhani atacheka na yeye, wala hakucheka, akaniuliza kwa nini simpeleki mzee akanywe bia zao wenyewe, zile za kwenye pipa, ambazo hazipoozwi hivo. Akanitajia Great British Beer Festival pale Olympia, wiki inayofuata. Nikanunua tiketi usiku uleule kwenye simu, ya Alhamisi maana ndo siku niliyokuwa off.

London ilikuwa imetoka kwenye kiangazi kikali mwaka ule, nyasi za bustanini zimekauka mpaka zina rangi ya mkate, halafu Alhamisi hiyo ndo mvua ikaamua kunyesha. Mzee akavaa koti lake la kanisani na kofia yake ya pama, ile ya kahawia aliyonayo tangu niko shule ya msingi. Nikamwambia baba, humo ndani hutaihitaji hiyo kofia. Akanijibu kwamba kuna mvua, au mimi siioni?

Tunafika mlangoni Olympia, jamani. Mtu kavaa kofia ya kuku mzima, mwingine kofia ya maharamia, mwingine kamba mkubwa wa baharini, wa kitambaa, kamlalia kichwani na mikia inaning'inia, wamama watu wazima wana masufuria ya maua. Kumbe Alhamisi ya tamasha lile ilikuwa siku ya kofia, ndo ilikuwa desturi yao, na mimi sikuwa na habari. Yule wa kamba akamwona mzee wangu na pama lake, akalivua kamba lake kichwani, akainama, akasema kofia nzuri sana bwana. Baba naye akavua pama, akainama. Wakaachana. Baba akanigeukia, "mama, hawa watu wana adabu kuliko nilivyoambiwa." Sikumweleza. Mpaka leo sijamweleza.

Olympia ni jengo la mwaka 1886, ukumbi mmoja mkubwa sana wenye paa la chuma na vioo, kwa hiyo mvua unaisikia yote juu ya kichwa na chini huku kuna maelfu ya watu wanaongea kwa mpigo. Unaweka dhamana unapewa glasi, ina mistari mitatu, theluthi, nusu na painti nzima, unazunguka nayo kaunta hadi kaunta, mapipa yamepangwa nyuma safu kwa safu na kila moja lina karatasi yenye jina la bia, mji inakotoka na asilimia zake. Mamia. Mimi kwa uungwana wangu nikamwanzishia mzee theluthi ili aonje nyingi bila kuanguka. Akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Hii ni ya mtoto aliyekuja nyumbani?" Haya, nusu.

Wanaohudumia pale ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wengi ni wastaafu wenye ndevu na tisheti za matamasha ya miaka ya nyuma. Kaunta ya kwanza tukampata mmoja hivyo, tumbo kubwa, uso umejaa furaha, akaona mgeni akammiminia mzee tone la kuonja kwanza, bure, ndo wanavyofanya. Baba hakuipokea. Akaisukuma ile glasi taratibu kumrudishia, akaniambia kwa Kiswahili, "mwambie aonje yeye kwanza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu ni kweli mbege, pombe yetu ya ndizi, haipewi mgeni hivihivi, aliyepika au anayekaribisha anapiga funda la kwanza mbele ya watu ndo anakupa kata, ili ujue hakuna sumu, na hata kama hakuna mtu anayefikiria sumu siku hizi asiyefanya hivyo anaonekana hana malezi. Lakini hapa ni London, Kensington, kuna foleni nyuma yetu. Nikamtafsiria yule bwana nikiwa nimeinamisha macho. Yule bwana akakaa kimya kidogo, halafu akacheka kicheko cha kutoka tumboni, akawaita wenzake wawili, akawaeleza, akainywa ile bia kwa heshima zote kama anakula sakramenti, akafuta ndevu, akamimina nyingine. Baba akanywa.

Akatulia.

Akanywa tena. Akaweka kiganja kwenye glasi, akaniuliza, "hii haijatoka kwenye friji?"

Haijatoka. Yule bwana akatueleza kwamba bia zao za aina hii zinatolewa zikiwa kwenye nyuzi 11 mpaka 13 hivi, joto la chumba cha chini ya ardhi, kwa sababu ukiipooza sana unaiua ladha. Mzee akanipiga begani. Miaka arobaini wanamcheka pale njia panda! Akamshika yule bwana mkono na hakuuachia haraka.

Foleni ikahamia kaunta ya pili maana wawili hawa walikuwa wameshakuwa marafiki na mimi nimeshakuwa mkalimani. Akaelezwa kwamba bia ya kawaida ikitoka kiwandani imeshachujwa, imepashwa moto kuua kila kilicho hai, ikatiwa gesi, lakini hii inaingia kwenye pipa na hamira yake ikiwa hai na inaendelea kufanya kazi humohumo ndani, pipa la kawaida la lita 41 linatoa painti 72, juu lina kijiti cha mti cha kuiachia ipumue, ukishalifungua una siku chache tu, leo ina ladha hii, kesho ile, keshokutwa imechacha unamwaga. Mimi natafsiri na huku naona baba anatikisa kichwa kabla sijamaliza sentensi. "Mama, si ndo mbege hiyo?"

Ndo mbege. Na mimi sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja japo mbege ndo imenisomesha, ada yangu ya form one mpaka form four imetoka kwenye pipa la bluu la mama lililokuwa nyuma ya jiko. Ijumaa naonja tamu kama togwa, Jumamosi imefika yenyewe, Jumatatu ukimpa mtu anakunja uso. Nilikuwa nakoroga ndizi kwenye sufuria mpaka zinakuwa nyekundu na mikono inanuka moshi darasani, naanika kimea cha ulezi, natumwa kuomba magome ya msesewe kwa jirani maana bila msesewe haina ule uchungu wake, inakuwa uji tu. Nikamwambia yule bwana habari za msesewe, akachomoa chini ya kaunta kopo lenye maua makavu ya hopsi, ndo yanayotia bia yao uchungu, akamnusisha mzee. Baba akanusa mara mbili. "Msesewe wao," akasema, kama mtu aliyekutana na ndugu wa upande wa mama.

Halafu kile chama chao cha kutetea bia ya pipa, CAMRA, ndo waandaaji wa tamasha, kumbe ilianzishwa mwaka 1971 na wanaume wanne tu waliokuwa matembezini Ireland, wamekaa baa wanalalamika kwamba viwanda vikubwa vinaiua bia ya pipa, wakaamua wafanye kitu. Tamasha lenyewe kwa jina hili limeanza mwaka 1977. Hiki kipande baba alikipenda sana, alinifanya nikirudie. Wanaume wanne wamekaa kilabuni, wamelewa, wakasema tutafanya, na kesho yake wakafanya kweli! Alisema kwetu hajawahi kuona, kwetu yanayoamuliwa kilabuni yanaishia mlangoni.

Mkosi wa mzee ulikuwa kwenye bondo. Akauliza mbona nyingine ni safi kama maji na nyingine ina ukungu, akajibiwa zile safi wengi wanatia kitu cha kushusha machicha chini, kinatokana na kifuko cha hewa cha samaki. Nilivyotafsiri nikakumbuka shemeji zangu. Mume wangu ni mtu wa Mwanza, na ukweni kwangu mabondo ya sangara ni habari ya pesa, watu wanayanunua bei kubwa kwa kilo kuliko hata minofu, nilikuwa najua yanakwenda Uchina, kusafishia bia nilikuwa sijui. Nikampigia hapohapo, kelele zote zile, "Baba nanihii, bondo wanatia kwenye bia!" Akajibu mbona anajua. Hakuwahi kuniambia! Mzee tangu hapo akawa anachagua zile zenye ukungu tu, akisema zinafanana na ya nyumbani na pia hana mpango wa kunywa samaki.

Chakula sitakisemea sana. Nilimnunulia ngozi za nguruwe zilizokaangwa zikakauka, wanazila na bia kama sisi karanga, akatafuna moja kwa shida akasema kitimoto kimekufa mara mbili. Akala soseji.

Bingwa wa mwaka ule alikuwa ametangazwa Jumanne, stout, yaani bia nyeusi, ya kiwanda kinaitwa Siren, inaitwa Broken Dream, asilimia 6.5, imetiwa kahawa. Tulipanga foleni. Mzee ana mibuni kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, tangu kwa baba yake, amebeba magunia ya kahawa kwenda chama cha ushirika toka kijana, bei nzuri mwaka huu mwakani ya kulia, na yeye mwenyewe nyumbani anakunywa chai. Akaionja ile bia nyeusi, akaishikilia mdomoni. "Wameweka kahawa." Nikasema ndiyo. "Kwenye pombe." Ndiyo baba. Akafikiri. "Na wewe umelipa shilingi ngapi kwa hii nusu?" Nikapiga hesabu nikamdanganya, nikashusha kama robo hivi, na bado alikaa kimya muda mrefu akiitazama ile glasi, halafu akaimaliza yote mpaka povu.

Hapo katikati mtu kadondosha glasi, na pale ukidondosha glasi ukumbi mzima unapiga kelele ya "oooooh!" maelfu kwa pamoja, ni utani wao wa miaka. Baba alinivuta mkono akaniweka nyuma yake. Alidhani ugomvi. Mzee wa miaka sabini na moja, nusu painti nne ndani yake, amenikinga na mgongo wake mimi mama wa mtoto, na pama limekaa upande. Nilicheka lakini sikucheka sana. Ilipodondoka ya tatu na yeye akapiga "oooooh", amechelewa, peke yake, watu wakageuka wakamshangilia yeye.

Furaha yangu nyingine ya siku ile, wanawake mtanielewa, foleni ya choo cha wanaume ilikuwa inazunguka kona na ya kwetu hamna mtu. Sijawahi kuiona tena duniani.

Tukatoka saa mbili usiku. Kabla ya kutoka akataka kurudi kaunta ya kwanza kumuaga yule bwana wa ndevu, tukamkuta anaosha jagi, baba akamwambia "aika mbe", Kichagga kabisa, hata Kiswahili hakutumia, na yule bwana akajibu kitu kwa lafudhi ya kwao ambayo hata mimi sikuielewa. Wakatosheka. Glasi hatukurudisha, baba aliifunga kwenye skafu yangu akaiweka ndani ya koti, na kwenye treni akalala mkono ukiwa juu yake, tukapitiliza kituo kimoja.

Usiku akampigia mama. Simu iko loudspeaker maana hasikii vizuri, nami niko jikoni napasha maziwa ya mtoto. Akamweleza yote, bia ya moto, wanaume wanne, msesewe wao, bondo, kahawa. Nusu saa. Mama anaitikia mhm, mhm, kama anasikiliza ripoti ya mtumishi. Alipomaliza mama akauliza kitu kimoja tu.

"Na huyo aliyekupa, alionja kwanza?"

"Alionja."

"Haya basi. Lala."