Kwilu, alikotoka Mulele

Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, jina la Mulele lilifika mwaka 1964. Mwenyewe hakufika kamwe. Wapiganaji wa kiongozi wa waasi Gaston Soumialot walipouteka mji ule mwezi Mei, waganga walikuwa wamewanyunyizia dawa, nao wakaingia vitani wakipaza sauti: "Mai Mulele!" Waliamini risasi za jeshi zitageuka maji. Agosti 5 wenzao waliishika Stanleyville, Kisangani ya leo, na kelele ilikuwa ileile. Wazee wa ukoo wetu wamenisimulia hayo tangu utoto wangu. Nikiwauliza Mulele alikuwa nani, hujibu kwamba alikuwa mganga mkubwa wa huko magharibi.

Pierre Mulele alikuwa waziri. Katika serikali ya Patrice Lumumba ya mwaka 1960 alishika wizara ya elimu. Miaka mitatu baadaye alikuwa msituni Kwilu na vijana wenye pinde. Nilitaka kuiona nchi iliyomrudisha.

Kutoka Kinshasa hadi Kikwit ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara ya taifa namba moja. Basi lilitoka alfajiri, likapita Masina na Nsele, kisha likapanda uwanda wa Bateke, ambako ni nyasi na mchanga hadi macho yachoke. Malori yalitujia kutoka ndani yamelemewa magunia ya mkaa na mihogo, abiria wamekaa juu ya mizigo. Tulivuka mto Kwango, tukala chikwange na samaki mkavu Kenge. Huko Kiswahili hakikusaidii. Watu wanasema Kikongo na Kilingala. Kikwit tukaingia usiku.

Asubuhi niliuona mto Kwilu, na ng'ambo yake michikichi. Kuielewa vita ya Mulele lazima uanzie kwenye michikichi hiyo. Siku iliyofuata nilikwenda Lusanga, mahali mto Kwenge unapoingia Kwilu. Wabelgiji walipaita Leverville, kwa jina la tajiri wa sabuni wa Uingereza, William Lever, aliyepewa mashamba makubwa ya mawese Kongo mwaka 1911. Wanaume walilazimishwa kukwea michikichi na kukata mikungu kwa malipo kiduchu, na kodi ikawafuata hukohuko. Mwaka 1931 Wapende, kabila la huko, walichoka. Walimuua ofisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, na serikali ya kikoloni ikajibu kwa kuua mamia ya watu. Mulele, wa kabila la Wambunda, alikuwa na umri wa miaka miwili. Alikulia katikati ya watu waliokuwa wakiyasimulia mauaji hayo, kama mimi nilivyokulia katikati ya "Mai Mulele".

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, watu wa Kwilu waliungoja kwa hamu ya pekee. Chama chao, PSA, kiliongozwa na Antoine Gizenga, na Mulele alikuwa katibu mkuu. Gizenga akawa naibu waziri mkuu. Mulele akakabidhiwa elimu ya nchi ambayo wahitimu wake wa chuo kikuu hawakufika 30. Hakupewa muda. Lumumba aliondolewa madarakani Septemba 1960, akauawa Katanga Januari 17, 1961. Mulele alikuwa Cairo, akiiwakilisha serikali pinzani ya Gizenga ya Stanleyville. Serikali hiyo ilipokufa, wengi wa wenzake walipatana na Kinshasa. Christophe Gbenye, waziri wa mambo ya ndani wa Lumumba, alikaa tena katika baraza la waziri mkuu Adoula kabla ya kuasi naye. Mulele hakuomba kiti. Alikwenda China kujifunza vita vya msituni, na katikati ya 1963 akarejea Kwilu kwa siri.

Hapo ndipo ninapomheshimu. Alisema uhuru wa kwanza umeliwa na wachache walioingia katika nyumba na magari ya Wabelgiji, na kwamba wanavijiji wanahitaji uhuru wa pili. Maneno hayo aliyafundisha kambini, chini ya miti. Aliwapa wafuasi wake kanuni alizozichukua kwa Mao, kiongozi wa China: lipa unachonunua, usiharibu mazao ya watu, usiwasumbue wanawake, usimtese mateka.

Njia ya Idiofa niliifanya kwa pikipiki, mchanga ukitumeza magurudumu. Katika kijiji kimoja kabla ya mji, kijana aliyenibeba alinipeleka kwa mzee wa ukoo wake, akanitafsiria. Mzee alikuwa mtoto wakati wa vita ile. "Papa," nilimuuliza, "mliishije msituni?"

"Mwanangu, njaa tuliizoea. Chumvi ndiyo iliyotushinda. Mama zetu walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu, tukala kwa chumvi hiyo."

Nikamuuliza nani aliyechoma kijiji chao. Akasema ni askari wa serikali. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza bila kuulizwa kwamba mwalimu wake aliuawa na vijana wa Mulele.

Yote mawili ni kweli, na sikubali moja litumike kulifunika jingine. Januari 1964 waasi waliwaua wamisionari watatu Kilembe. Walichoma misheni na shule, wakawaua watumishi wa serikali. Waziri wa elimu! Linaniuma kila ninapolifikiria, maana kanuni zake alizijua vizuri. Jeshi lilikuja na hasira. Mkuu wake wa majeshi, Eugène Ebeya, aliuawa Kwilu kwa mshale Februari ya mwaka huohuo, na vijiji vikalipa. Kufikia mwisho wa 1965 uasi ulikuwa umevunjika, lakini hata mwaka 1978 rais Mobutu aliliogopa jina lile: baada ya vurugu za nabii mmoja aitwaye Kasongo, watu 14 walinyongwa hadharani Idiofa.

Niliporudi Kinshasa nilikwenda Beach Ngobila, ambako boti huvuka kwenda Brazzaville. Mulele alifika Brazzaville Septemba 1968, amechoka, wafuasi wamebaki wachache. Mobutu alikuwa ametangaza msamaha. Waziri wake wa mambo ya nje, Justin Bomboko, alivuka mto kumchukua, akampokea kwa karamu. Mulele alirudi mwishoni mwa Septemba. Mobutu aliporejea kutoka Morocco alisema msamaha haumhusu mhalifu wa vita. Mahakama ya kijeshi ilikaa haraka, na mwanzoni mwa Oktoba Mulele aliuawa. Walioishi kuyasimulia wanasema alikatwa viungo akiwa hai na mwili ukatupwa mtoni. Kaburi hana.

Brazzaville, iliyomkabidhi kwa kuamini neno la msamaha, ilivunja uhusiano na Kinshasa mwezi huohuo. Mwenzi wake, Léonie Abo, aliyeishi naye msituni, alikimbilia ng'ambo na kubaki huko miaka mingi. Nikirudi Uvira nitawaambia wazee kwamba mtu waliyeliita jina lake alikuwa mwana wa nchi ya wakata mikungu, akawa waziri, akafa kwa kuamini ahadi ya serikali.