Nani kamwibia nani mateke? Ubishi wa Thailand na Kambodia

Niseme mapema tu, kwenye huu ubishi wa Thailand na Kambodia mi siko upande wa mtu, ila ukinibana sana nitakwambia Waburma, yaani watu wa Myanmar, ndio wamebaki na kitu cha kizamani kuliko wote na wala hawapigi kelele. Ubishi wenyewe ni nani mwenye asili ya huu mchezo wa ngumi, mateke, viwiko na magoti. Mthai anasema Muay Thai ni yake tangu enzi za mababu, Mkambodia anasema hapana, hiyo ni Kun Khmer yetu mmekuja kuichukua mkaipaka rangi.

Pale gym Mwanjelwa tunapofanyia mazoezi hii mada haiishi. Tukimaliza begi jioni, na hili baridi la Mbeya la mwezi wa saba linalokukausha jasho mgongoni kabla hujavaa sweta, mtu anafungua klipu kwenye simu na tunarundikana hapo. Juzi kuna dogo kaona jamaa wawili wanapigana mikono haina glavu, mmoja kamvuta mwenzie shingo akamshindilia kichwa cha uso, dogo akaruka, "kocha hii si faulo?" Kocha anacheka tu. Ile ilikuwa Lethwei ya Myanmar, kule kichwa ni silaha halali kama ngumi.

Sasa ukiweka klipu za hizi nchi moja baada ya nyingine, ukazima sauti, ukaziba bendera, nakuapia mtu asiyezoea hatofautishi. Teke linapigwa na ugoko sio kidole cha mguu, nyonga yote inazunguka. Wakikaribiana wanashikana shingo na magoti yanaanza kupanda mbavuni. Kiwiko kinachana nyusi. Kabla ya pambano bondia anazunguka ulingo, anapiga magoti, anatoa heshima kwa mwalimu wake kwa mwendo wa ngoma, na pembeni kuna wazee na zumari, ngoma na matoazi wanaopiga mwanzo mpaka mwisho na raundi ikichemka na wao wanaongeza kasi. Hayo utayakuta Bangkok, utayakuta Phnom Penh, Laos nako wana Muay Lao yao, na Malaysia kaskazini, Kelantan na Kedah huko, wana Tomoi. Myanmar wenyewe wana ngoma yao ya kuchokoza, bondia anakunja mkono wa kushoto kifuani halafu anaupiga kofi kwa kiganja cha kulia, paa paa paa, anamwita mwenzie aje.

Kufanana huko hakuwezi kuwa kwa bahati tu. Watu wanaofanana hivyo mpaka kwenye vyombo vya muziki lazima walichota kisima kimoja, swali ni kisima gani.

Wakambodia wana hoja nzito bana. Dola la Angkor, la Wakhmer ambao ndio mababu wa Wakambodia, lilitawala sehemu kubwa ya hayo maeneo kuanzia karne ya 9 mpaka ya 15, na kwenye kuta za mahekalu yao kama Bayon wamechongwa watu wanapambana mikono mitupu. Halafu 1431 jeshi la Ayutthaya, yaani Wasiamu ambao ndio Wathai wa leo, likaiangusha Angkor, na enzi hizo ukiangusha mji hubebi dhahabu peke yake, unabeba mafundi, wacheza ngoma, wanajeshi, makuhani, wote wanahamia kwako. Kwa hiyo Mkambodia akisema vitu vyake vilibebwa hadanganyi. Ila tatizo la hiyo picha ya ukutani ni kwamba inakuonyesha watu wanapigana, haikuonyeshi kwamba wao ndio wa kwanza kupigana hivyo, na watu hawakuanza kupigana siku mchongaji alipoleta patasi.

Na Mthai naye yalimkuta. 1767 Waburma wakauchoma mji wenyewe wa Ayutthaya, wakaondoka na mateka kibao. Hapo ndipo inapotoka ile stori ya Nai Khanom Tom, mateka wa Kithai ambaye inasemekana mwaka 1774 aliwachapa mabondia wa Kiburma mmoja baada ya mwingine mbele ya mfalme wao mpaka akaachiwa huru, na Wathai mpaka leo wanamkumbuka kila tarehe 17 Machi. Stori imetiwa chumvi au haijatiwa, mi hainisumbui. Kinachonivutia ni kitu kingine: ili lile pambano liwezekane lazima Mburma na Mthai wawe wanaelewana sheria. Ukimtoa mcheza mieleka na mcheza ngumi ukawaambia haya pambaneni, utapata fujo, hupati mchezo. Kumbe hao walikuwa wanajuana.

Mipaka ndio inatuchanganya. Watu wanachukua ramani ya leo wanairudisha nyuma miaka mia sita. Siem Reap, ambako ndiko Angkor yenyewe ilipo, ilikuwa chini ya Siam mpaka 1907 Wafaransa walipoirudisha upande wa Kambodia. Kelantan na Kedah zilihamia kwa Waingereza 1909. Sisi watu wa huku tunatakiwa kulielewa hili haraka kuliko mtu wa Dar, maana Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga kule Malawi ni ndugu, wanasikilizana lugha, na Mto Songwe ukawa mpaka kwa sababu Mjerumani na Mwingereza walikubaliana hivyo 1890. Nenda kawaulize nani kamwibia nani ngoma uone watakavyokuangalia. Hata yule Buakaw, bingwa wa K-1 World MAX, yale mashindano ya kickboxing ya Japan, 2004 na 2006 ambaye nusu ya gym yetu inajifanya inapiga teke kama lake, kazaliwa Surin, mkoa wa Thailand unaopakana na Kambodia, na huko watu wengi tu wanaongea Kikhmer, lugha ya Wakambodia, majumbani mwao.

Hata mapigo yenyewe yamebeba ushahidi. Kwenye Muay ya zamani kuna pigo la ngumi mbili zinapanda kwa pamoja toka chini kwenda kidevuni, wanaliita Hanuman anatoa pete. Hanuman ni yule nyani shujaa wa Ramayana, hadithi ya Kihindi, na hiyo hadithi Thailand wanayo, Kambodia wanayo, Laos na Myanmar pia, kila mmoja na toleo lake.

Tofauti tunazoziona leo nyingi ni za juzi juzi. Zamani Mthai alifunga mikono kwa kamba za pamba, glavu na ulingo wa kamba vikaja miaka ya 1920 kwa mfano wa ngumi za Kizungu, kule Bangkok uwanja wa Rajadamnern ukafunguliwa 1945, Lumpinee 1956. Kambodia glavu zilikuja enzi za Mfaransa, halafu 1975 mpaka 1979 Khmer Rouge, wale wakomunisti wa Pol Pot waliotawala nchi, wakauzima mchezo wote, mabondia na walimu wakauawa, waliobaki wakaanza upya. Ndio maana nikimsikia Mkambodia ana hasira na jina la Muay Thai namwelewa, kunyang'anywa mara moja kunauma, yeye ilikaribia kumpotea kabisa. SEA Games, michezo ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, za 2023 zilifanyika Phnom Penh wakaandika mchezo unaitwa Kun Khmer, Thailand wakagoma kupeleka mabondia kwenye mchezo huo. Basi wee, ilichimbika.

Myanmar ndio hawakutaka glavu. Bandeji na plasta, basi. Kwa sheria zao za asili hakuna pointi, raundi tano zikiisha wote mmesimama ni droo, na ukidondoshwa watu wako wanaweza kuomba dakika mbili, wanakumwagia maji, wanakusugua masikio, unarudi kupigana. Kile kitu nilipokiona mara ya kwanza nilisema hapana jamani, na bado nasema hapana, ila macho hayabanduki. Desemba 2016 Mkanada Dave Leduc alimchukulia mkanda bingwa wa Myanmar, Tun Tun Min, kwao hukohuko.

Kwa anayetaka kuanza kuangalia, Muay Thai ya viwanjani Bangkok usiipime kwa raundi mbili za kwanza, hapo wanapimana tu na wachezaji kamari wanapanga hela zao, moto unawaka ya tatu na ya nne, na ya tano anayejua ameshashinda anaweza kuwa anarudi rudi nyuma tu, utaboreka. Kun Khmer wanaingiana mapema, viwiko kibao, na zinarushwa kwenye TV za kwao kila wikiendi, kwa hiyo klipu haziadimiki. Bando langu mi linaishia huko.